Kutoka ndani ya simu mpaka kwenye kiti cha matanga: namna watu wa mutandao wanafikia kuonana

Watu wengi wa Goma, Bukavu, Beni, Butembo, Bunia ao Uvira wako leo ndani ya grupu nyingi za WhatsApp: grupu ya avenyu, ya kanisa, ya promosheni ya masomo, ya mutualite, ya wauzaji. Kati ya hizo, kuko zile ambazo watu wake hawajaonana hata siku moja, wanatumiana tu picha za maua na "asubuhi njema". Na kuko zile zilizoanza na ujumbe tu kwenye simu, na leo watu wake wanazikana, wanasindikizana kwenye mahari, wanakopeshana feza. Andiko hili linaeleza namna uhusiano unatoka kwenye simu mpaka watu wapeane mikono, kwa nini mara mingi hauvuki, na hatari gani iko njiani.

Mutandao ulizaliwa kati ya watu walio karibu

Mutandao wa kijamii ni fasi ndani ya intaneti ambapo kila mutu anajiandikisha kwa jina lake, ao kwa jina alilojichagulia, anaweka picha na kuungana na wengine wanaoweza kuona anachoandika. Mumoja wa kwanza ulikuwa SixDegrees, uliofunguliwa New York mwaka 1997. Haukuishi sana, kwa maana watu wenye intaneti walikuwa bado wachache na rafiki uliyemutafuta hakuwa humo. Facebook ilianza mwezi wa pili 2004 kati ya wanafunzi wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani. Tuangalie vizuri hapo: wale wanafunzi walikuwa tayari wanakula fasi moja na kusoma fasi moja. Facebook haikuwaletea marafiki kutoka mbali. Iliwasaidia kujua jina la yule waliyekuwa wanapitana naye kwenye ngazi kila siku bila kusemeshana.

Mbele ya Facebook, mwaka 2002, Scott Heiferman na wenzake walianzisha Meetup, pia New York. Wazo lilitoka kwa kile walichoona kisha mashambulizi ya tarehe 11 mwezi wa tisa 2001: majirani ambao hawakuwa wanasalimiana walianza kusemeshana barabarani. Meetup ilitaka intaneti itumike ili watu watoke kwenye intaneti na wakutane, kila grupu na siku yake na fasi yake. Ni kama likelemba yetu, tofauti ni kwamba mwaliko unapita kwenye kompyuta.

WhatsApp, ambayo sisi ndiyo tunaitumia zaidi, ilikuja mwaka 2009, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Facebook. Ilishika huku kwetu kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Ujumbe wake unakula mega kidogo. Na odio inamusaidia mutu ambaye hapendi kuandika: mama wa soko anasema kwa Kiswahili, Mashi, Kinande ao Kihunde, anatuma, imekwisha. Mwaka 2016 grupu moja ilikuwa inapokea watu 256. Katika 2022 ikapanda kwanza 512, kisha 1024.

Tunaona kwamba kupanda huko si faida kila mara. Robin Dunbar, mutafiti wa Uingereza, alisema tangu miaka ya 1990 kwamba mutu anaweza kushika uhusiano wa kweli na watu karibu 150 tu. Wengine wanabishana na hesabu yake, lakini kila admini wa huku anajua kitu kinachofanana nayo: grupu ikiwa na watu 40, mutu akipoteza muzazi, karibu wote wanaandika na wengi wanafika. Ikiwa na watu 800, wote wanatuma mikono miwili ya maombi, na kwenye matanga wanafika sita.

Mutu unayemujua nusu-nusu

Katika 1973, Mark Granovetter, mutaalamu wa mambo ya jamii huko Marekani, alitoa andiko ambalo mpaka leo linasomwa sana. Alikuwa ameuliza wafanyakazi wa Newton, karibu na Boston, namna walivyopata kazi zao. Wengi kati ya wale waliosaidiwa na mutu walisema habari ya kazi haikutoka kwa ndugu ao kwa rafiki wa kila siku. Ilitoka kwa mutu waliyekuwa wanaonana naye mara chache: mwenzake wa kazi ya zamani, mutu waliyesoma naye. Sababu ni rahisi. Rafiki yako wa karibu anajua yale unajua, anazunguka fasi unazunguka. Mutu unayemujua nusu-nusu anaishi kwa upande mwingine na anasikia habari zingine.

Grupu ya promosheni ni mashini ya watu wa nusu-nusu. Watu waliomaliza masomo ya sekondari pamoja miaka 15 iliyopita, mumoja ni muganga huko Bunia, mwingine anauza mafuta Kasindi, mwingine ni mwalimu Kalehe, mwingine anaendesha gari kubwa Lubumbashi. Hawangetafutana hata siku moja. Simu imewarudisha fasi moja. Mutu akisema "natafuta nyumba ya kupanga Bukavu, mutoto wangu anaingia chuo kikuu", jibu linatoka kwa yule aliyekaa nyuma kabisa ya darasa, ambaye hata jina lake la kwanza lilikuwa limesahauliwa.

Lakini Granovetter hakusema kwamba mutu wa nusu-nusu atakukopesha feza. Habari inapita kwenye kamba nyembamba. Feza, mutoto wa kulelewa, ufunguo wa nyumba, hivyo havipiti. Ndiyo maana grupu zinazodumu ni zile zinazofika siku moja na kusema: basi tuonane.

Matanga ndiyo mulango

Mukipenda kuelewa ni kwa njia gani grupu ya simu inakuwa kikundi cha watu, musiangalie sherehe. Muangalie kifo.

Ujumbe unaingia asubuhi: fulani amepoteza mama yake, matanga iko avenyu fulani, maziko kesho kutwa. Kwanza inakuwa pole nyingi. Kisha mutu mumoja, mara mingi si admini, anaandika: "Jamani, pole peke yake haitoshi." Anaanzisha liste. Namba moja jina lake, na mbele ya jina kiasi: franka 10.000, ao dola 5. Mwingine anachukua ile liste, anaongeza jina lake namba mbili, anairudisha. Liste inapanda hivyo hivyo, kila mutu akiibeba na kuirudisha, mpaka saa za jioni iko na majina 30. Wale walioahidi wanakuwa na jina tu. Wale waliokwisha kutuma kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money wanapata alama. Hakuna mutu anayelazimishwa, lakini kila mumoja anaona nani hajatuma. Haya ndiyo inakusanya feza, tusidanganyane.

Hapo grupu inagundua kwamba inahitaji mutu wa kushika feza, tena mutu wa pili wa kumuangalia. Na feza haiendi yenyewe kwenye matanga: inapaswa kupelekwa na watu. Siku ya maziko wanafika nane, hawajuani sura vizuri, wanatafutana chini ya bashi wakipiga simu: "Uko wapi? Mimi nimevaa koti ya kijani." Wanapewa viti vya musitari mumoja. Musemaji wa jamaa anatangaza: "Watu wa grupu ya promosheni wako hapa." Kuanzia hapo grupu iko na sura, iko na viti vyake, na yule aliyefiwa atakuwa wa kwanza kutuma siku mwenzake atakapofikiwa.

Mukutano wa kwanza wa kawaida unakuja mara mingi kisha matanga ya namna hiyo. Watu wanasema tusingoje kifo tena. Wanakutana kwa mumoja ao kwenye malewa, kila mutu anajilipia fanta yake, na mbele ya kuachana wametengeneza sheria: muchango wa kila mwezi, kiasi gani kwa kifo cha muzazi, kiasi gani kwa mutoto, kiasi gani kwa harusi, na nini kinafanyika kwa mutu aliyekaa miezi mitatu bila kulipa. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanaanzisha AVEC, na kisanduku chenye funguo tatu zinazoshikwa na watu watatu tofauti. Kile kisanduku hakiwezi kuingia kwenye WhatsApp. Kinadai watu wakae kwenye duara, wahesabu feza mbele ya macho ya wote.

Mukutano wa kwanza uko pia na vichekesho vyake. Mutu aliyejiita "Boss ya Kivu" na kuweka picha ya gari kubwa anafika juu ya moto, amelowa na mvua. Yule aliyekuwa anabishana kila usiku kwa herufi kubwa anakuwa mwanaume mupole, mwenye sauti ndogo. Hii si kitu kidogo. Ugomvi mwingi wa kwenye grupu unakufa siku hiyo, kwa sababu ni vigumu kumutukana mutu uliyekula naye sahani moja ya sambaza.

Nyiragongo, mwezi wa tano 2021

Jumamosi tarehe 22 mwezi wa tano 2021, usiku, Nyiragongo ililipuka. Watu wa Goma walikimbia kila upande: wengine Sake, wengine wakavuka mupaka kuingia Rubavu. Tarehe 27, wakuu wakaamuru sehemu kubwa ya muji ihame, na barabara ikajaa tena. Ndani ya ule mukimbio watoto walipotea wazazi wao. UNICEF ilitangaza katika siku za kwanza kwamba watoto zaidi ya 150 walitenganishwa na jamaa zao, na kwamba iliogopwa wengine zaidi ya 170 wamepotea.

Kila grupu ya Goma ilijaa picha za watoto. "Mutoto huyu anaonekana Sake, anasema jina la baba yake ni fulani." Kwa kweli hiyo ilisaidia: habari ilikimbia mbio kuliko gari. Lakini hapo pia ndipo watu waliofanya kazi hiyo walionyesha tofauti kati ya habari na kuonana. Picha ya mutoto pamoja na jina la baba, la mama na la avenyu, yote kwenye ujumbe mumoja, inamupa mutu mubaya kila jibu analohitaji ili aje kusema "ni wangu". Ndiyo maana Msalaba Mwekundu na wale wanaolinda watoto hawamutoi mutoto kwa mutu aliyefika na simu tu. Wanauliza maswali ambayo hayakuandikwa: mutoto ana kovu fasi gani, ndugu zake ni wangapi, alikuwa amevaa nini. Wanaangalia pia mutoto mwenyewe namna anamupokea yule mutu. Kama unaona mutoto aliyepotea, tuma kwenye grupu fasi aliko na namba ya wale wanaomutunza, ubakize yale mengine. Na mupeleke kwa Msalaba Mwekundu, ao kwa shefu wa kartie, mbele ya watu.

Wakati ule vijana wa muji walionyesha pia upande mwingine. Goma Actif, kikundi kilichotokea wakati wa COVID-19, kilikusanya musaada na kuupelekea waliohama. Wito ulipita kwenye Facebook na WhatsApp. Lakini chakula kilipikwa na mikono ya watu waliokuwa tayari wanajuana kwa kazi ya mwaka uliotangulia. Hiyo inaonekana kila fasi: wakati wa hatari, watu wanaenda na wale walioonana nao mbele.

Intaneti inapokatwa

Lucha, ambayo ilizaliwa Goma mwaka 2012, inajulikana mbali sana juu ya kazi yake kwenye mitandao. Watu waliifuata kwenye Twitter na Facebook wakati ilipodai maji kwa wakaaji wa Goma, na mwaka 2016 Amnesty International iliipa, pamoja na wengine, tuzo lake la Balozi wa Dhamiri. Lakini watu wa kwanza wa Lucha walikuwa vijana wa muji mumoja, waliokaa chini na kubishana mpaka wapatane. Kuonana huko kulikuwa pia na bei. Mwezi wa tatu 2015, Fred Bauma wa Lucha alikamatwa Kinshasa pamoja na wengine waliokuja kwenye mukutano wa kuanzisha Filimbi, ambapo walikuwa wamealikwa pia vijana wa Senegal na wa Burkina Faso. Aliachiliwa mwezi wa nane 2016. Kuandika kwenye simu na kukaa ndani ya chumba kimoja, mbele ya wakuu, havina uzito mumoja.

Mwezi wa kwanza 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, serikali ilikuwa imekata intaneti. Ikakatwa tena tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, kesho yake ya uchaguzi, na ikarudi karibu tarehe 20 mwezi wa kwanza 2019. Siku 20 bila WhatsApp. Kwa mutu anayetaka kujua kama grupu yake ni kitu ao ni sauti tu, ile ilikuwa mutihani. Grupu ambazo watu wake walijua nyumba za wenzao ziliendelea: mutu alitembea na miguu, ujumbe ulipita kwa motari, mikutano ilifanyika siku ileile na saa ileile kwa sababu ilikuwa imepangwa tangu zamani. Zile zingine zilinyamaza, na kisha intaneti kurudi zingine hazikuamuka tena.

Namba zinazoanza na +256

Tangu mwanzo wa 2025, kisha vita kufika Goma na Bukavu, fungua grupu yoyote ya avenyu na uangalie namba. Zamani zote zilianza na +243. Leo unaona +256 ya Uganda, +257 ya Burundi, +250 ya Rwanda, +255 ya Tanzania. Jirani waliokuwa wanaazimana chumvi wako inchi ine tofauti. Makumi ya maelfu ya watu waliingia Burundi katika majuma machache tu, na wale waliokuwa kwenye kambi za kandokando ya Goma, kama Bulengo na Lushagala, walitawanyika pia. Sasa safari imegeuka: si watu wa simu wanaokuja kuonana, ni watu walioonana kila siku wanaobaki na simu tu.

Kuko faida moja ambayo wengi wanaisema. Mutu anayefika Kampala ao Bujumbura bila kujua fasi ya kulala anauliza kwenye grupu ya zamani ya avenyu, ya kwaya ao ya kijiji, na mutu anakuja kumupokea kwenye kituo cha basi. Kwaya hasa. Watu walioimba pamoja wanatafutana sana, na mahali wanapofika watatu tu, wanaanza tena mazoezi.

Wakongo waliohamia Marekani, Kanada ao Australia kutoka kambi kama Nyarugusu huko Tanzania ao Nakivale huko Uganda walikuwa wamefanya hivyo mbele yetu. Wengi walitafutana kwenye Facebook kwa jina la kijiji, kwa sababu jina la mutu peke yake halitoshi. Majina yetu yanaandikwa namna tatu, nne. Kwenye makaratasi ya wakimbizi tarehe ya kuzaliwa ya watu wengi ni tarehe moja mwezi wa kwanza. Kwa hiyo, kama unatafuta mutu, andika jina la kijiji, la shule, la muchungaji ao la padri wa wakati ule. Msalaba Mwekundu nao uko na kazi ya kutafuta jamaa zilizotenganishwa, na kazi hiyo haidai simu ya Android: bado kuko ujumbe wa karatasi unaoandikwa kwa mukono.

Mapenzi, na wale wanaojificha

Huko Marekani, uchunguzi wa Michael Rosenfeld na wenzake ulionyesha kwamba kati ya wanaume na wanawake walioanza kupendana mwaka 2017, karibu 39 kwa 100 walikuwa wamejuana kupitia intaneti, kupita wale waliounganishwa na marafiki. Kwetu jambo liko tofauti kidogo: hata kama vijana wawili walijuana kwenye Facebook, iko siku jamaa zinapaswa kuonana. Kijana wa Kanada anataka binti wa Butembo. Basi baba wadogo zake wa Butembo wanatumwa kwa wazazi wa binti, na jamaa ya binti nayo inatafuta mutu huko Kanada wa kwenda kuangalia kama huyo bwana hana bibi mwingine. Vijana wanaona huo ni upelelezi. Sisi tunaona kwamba ni chombo kizuri sana cha kuhakikisha mutu, na hakuna programu ya simu inayoshinda shangazi anayejua kuuliza.

Kwa maana matapeli wako. Njia zao zinafanana. Mutu mwenye picha nzuri, anayekupenda ndani ya juma moja, hawezi kupokea simu ya video kwa sababu kamera yake imeharibika, na siku ya kuonana ikikaribia anapata shida: amekamatwa kwenye mupaka, mutoto wake yuko hospitali, tuma dola 50. Mwingine anaomba picha za uchi, kisha anadai feza ili asizisambaze. Wengine wanaahidi kazi Ulaya, Kanada ao Dubai na wanadai feza ya makaratasi mbele ya kuonana. Ao wanakubali kuonana, lakini kwenye nyumba iliyojificha, jioni, na wanakuomba usimwambie mutu. Neno hilo "usimwambie mutu" ndilo linapaswa kukusimamisha palepale. Kisha kuko wizi wa akaunti: mutu unayemujua anakuandikia umutumie namba sita zilizoingia kwenye simu yako "kwa makosa". Ukizituma, WhatsApp yako inaenda, na kesho yeye anaomba grupu yote musaada kwa jina lako.

Kwa hiyo mara ya kwanza kuonana na mutu wa mutandao, muonane muchana na mbele ya watu. Kwa Goma, kandokando ya Rond-point Signers ao Rond-point Tchukudu. Kwa Bukavu, Nyawera ao Place de l'Indépendance. Kwa Bunia, kwenye Boulevard de Libération. Enda na mutu mumoja, ao uache kwa ndugu yako jina, picha na namba ya yule unayeenda kuona. Ubakize feza ya moto ya kurudi. Akibadilisha fasi dakika ya mwisho na kukuambia umufuate kwake, rudi nyumbani. Wauzaji wa nguo na viatu wanaotumia statuti ya WhatsApp wanajua hii zamani: bidhaa mukononi, feza mukononi, na mbele ya duka la mutu wanayemujua.

Kuko pia hatari ya kipekee kwa majimbo yetu. Katika wakati wa vita, liste ya watu wa grupu, yenye majina, namba na avenyu, inaweza kusomwa na mutu asiyefaa. Simu inaangaliwa barabarani. Grupu nyingi zimefuta liste zao za zamani, na fasi ya mukutano inasemwa kwa mudomo badala ya kuandikwa. Tukumbuke pia kwamba Kodi ya Numeriki ya inchi yetu, ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, yaani sheria juu ya mambo ya intaneti na kompyuta, inaazibu wanaosambaza habari za uongo. Aliyerudisha ujumbe hawezi kusema tu "mimi sikuuandika".

Wale ambao hawafiki

Bibi mumoja akisema "naenda kwenye mukutano wa watu wa WhatsApp", maneno yanaanza nyumbani. Hii tusifiche: wanawake wengi wanalipa muchango kila mwezi na hawaonekani hata mara moja, kwa sababu bwana hapendi. Grupu zilizotatua jambo hilo zilifanya vitu vidogo. Mukutano uwe saa nane ya muchana, siyo jioni. Uwe kwa mutu mwenye jamaa, siyo kwenye baa. Mwaliko useme wazi kwamba bwana na bibi wanaweza kuja pamoja. Mahali pengine, wanawake wa grupu wanamupitia mwenzao nyumbani na kumusalimia bwana kwanza. Kisha mara mbili, tatu, bwana mwenyewe anaomba waongeze namba yake.

Na kuko wasio na simu kubwa kabisa: wazee, watu wa vijiji fasi rezo haifiki, mama ambaye simu yake ni ya kupiga na kupokea tu. Kama grupu ni ya promosheni ao ya kijiji, kila mumoja kati yao anapaswa kuwa na mutu wake ndani ya grupu, jirani ao mutoto wake, anayemusomea liste na kumutumia muchango. Radio za jamii zimefanya kazi hiyo tangu mbele ya WhatsApp, katika matangazo ya vifo, ya mikutano na ya watu wanaotafutwa. Ukileta tangazo la namna hiyo, liandike kwenye karatasi: siku, saa, fasi, nani anaalikwa, na namba za watu wawili, siyo mumoja, kwa maana simu ya yule wa kwanza inaweza kuwa imekwisha moto.